Fundo la Mgema

Kwanza walilibadilisha jina, na hilo peke yake lilitosha kumchefua Mbeyu. Kisiwa kile ndani ya hori la Mida kilikuwa na jina lake. Kilikuwa Kwa Dena, tangu babu yake Dena alipovuka na jembe na miche ya minazi, akafyeka, akajenga. Halafu akatokea mtu wa Mombasa na karatasi, karatasi ikasema kisiwa ni chake, watu wa Kwa Dena wakatolewa wakahamia Tezo, na mwenye karatasi akamuuzia Mwitaliano. Mwitaliano akapigilia kibao gatini: Shamba la Viungo. Kwamba pale palikuwa na watu waliozaliwa, wakaoana, wakazikwa, kibao hakikusema.

Mbeyu alikuwa mpishi katika hoteli moja ya Watamu, mwanamke wa makamo, mnene wa mikono na mwepesi wa hasira. Hotelini walimwita Priscilla, jina lake la ubatizo, kwa sababu meneja alisema Mbeyu linawashinda wageni kutamka. Majina ya mvinyo wao, hata hivyo, kila mfanyakazi alitakiwa ayatamke sawasawa.

Alhamisi moja, alfajiri, meneja alimwita. Wageni wanakwenda kutembelea shamba la viungo kisiwani, alisema, na mwenye shamba anataka wapikiwe pilau papo hapo chini ya miti, kwa viungo vya papo hapo. "Wewe Priscilla ndiye utakayekwenda."

Wakati mwingine angekataa. Hakuwa amekanyaga Kwa Dena tangu siku ya kuhama, na alikuwa ameapa hatarudi huko kama mgeni. Lakini safari hii alikuwa na haja yake, na haja hiyo ilikuwa mamake.

Bibi Kadzo alikuwa ameacha kula. Ilianza baada ya mvua za masika. Kila akilala alimwona marehemu mumewe, Dzombo, amesimama mlangoni. Haingii. Kadzo humkaribisha, humpa kata ya tembo, naye hunywa, lakini tembo halishuki, humrudi likamwagikia kifuani. Kisha hushika shingo yake.

"Anasema amefungwa kamba," Kadzo alimwambia bintiye. "Namuuliza, nani kakufunga? Hanijibu. Anageuza uso."

Basi na yeye Kadzo chakula kikawa hakipiti. Angemezaje, aliuliza, hali mwenzake kabanwa koo? Mbeyu alimpeleka hospitali Kilifi, daktari akapima damu, akapima na choo, akasema bibi hana kitu. Alimleta mchungaji, mchungaji akaomba hata shati likamganda mgongoni, na kesho yake mama akausukuma uji vilevile. Mifupa ya mabega ikatokeza. Mwishowe Mbeyu, naye ni mtu wa kanisa, alichoka akamfokea: "Mama, baba amekufa! Maiti hafungwi kamba!" Kadzo alimtazama tu kwa macho yake yenye mtoto wa jicho, mpaka Mbeyu akaona haya akatoka nje.

Lakini maneno ya mamake kuhusu kamba hayakumtoka kichwani. Dzombo alikuwa mgema, mgema wa mkono wa kushoto, mwenye minazi yake na jina lake, na kabla ya kufa aliingia katika Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Mzee wa Gohu akifa huchongewa kigango: ubao mrefu wa mti mgumu wenye kichwa cha mviringo, macho na mdomo, na nakshi za pembetatu mwili mzima. Husimikwa nyumbani kwake, huvishwa vitambaa, humiminiwa tembo, na hapo ndipo mahali pake. Tena kikishasimikwa hakiondolewi. Watu wakihama, wamehama wao. Kigango hubaki pale pale mpaka kioze chenyewe. Ndiyo sababu Dzombo aliachwa Kwa Dena. Hakutupwa. Aliachwa kwa adabu, na mwangalizi aliachiwa.

Mwangalizi huyo alikuwa Masha, mdogo wake Mbeyu, mtoto wa kiume wa pekee. Mwitaliano alipofungua shamba lake alimwajiri Masha awatembeze wageni, na ukoo mzima ukashukuru. Afadhali mtu wetu awe kule. Kila Jumapili Masha alifika Tezo na sukari na mkate, akakaa kitako, akamwambia mamake: "Baba namwangalia mimi. Nampalilia, nampa tembo lake. Yu salama." Na Kadzo, hata njaa ikimtafuna, alimbariki kijana wake mpaka mate yakamkauka.

Kwa hiyo Mbeyu alipanga vyombo vyake kikapuni, mchele, nyama, vitunguu, na chini ya vitunguu akalaza chupa ya tembo iliyozibwa kwa gunzi. Nia yake ilikuwa moja. Atamwona babake kwa macho yake mwenyewe, atamnywesha, kisha arudi Tezo amwambie mamake: nimemwona, hana kamba, sasa kula.

Boti ya injini iliwavusha asubuhi hiyo hiyo. Wageni walikuwa kundi zima la Waitaliano, wamevaa kofia pana za ukindu zilizouzwa na hoteli, kamera zinawaning'inia matumboni. Gatini aliwangoja Masha. Mbeyu nusura asimtambue. Kijana wa Kigiriama, aliyeokoka, alikuwa amevaa kanzu ya hariri, mshipi wa dhahabu na kofia nyekundu yenye shada, utadhani karagosi wa sultani.

"Dada!" Masha aligutuka. "Mbona hukuniambia kama waja?"

"Nikwambie ili ufagie?" Mbeyu alimtania.

Masha hakucheka. Alimpokea kikapu, akampeleka upesi kwenye mafiga yaliyoandaliwa chini ya mikorosho, upande wa juu wa kisiwa. "Utapikia hapa. Kule bondeni usishuke, dada. Kuna siafu wabaya."

"Baba si yuko kule bondeni?"

"Nitakupeleka mwenyewe, baadaye. Wageni wangoja." Akaondoka mbio, kanzu imeshikwa kwa mikono miwili.

Mbeyu akawasha moto. Akiwa pale aliweza kuliona shamba lote la ajabu, na kila alichokiona kilimwongezea kuni za hasira. Mdalasini ulikuwapo, michaichai, manjano, tangawizi, sawa. Lakini iliki aliijua ile. Ilinunuliwa dukani Malindi, ikafungiwa kwenye vijiti kwa uzi mwembamba, na wageni walikuwa wakiichuma huku wakipiga ukelele kama watoto. Karafuu zilitiwa makoponi chini ya mti ambao mtu yeyote wa pale angekwambia ni mkungu. Na pale walipokuwa wakipiga picha, penye benchi na mwavuli, palikuwa ndipo mlango wa nyumba ya mamake. Jiwe la kusagia bado lilikuwapo. Mwanamke mmoja alikuwa ameweka viatu vyake juu yake.

Alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawia, akatia nyama, akatia maji. Ikafika zamu ya viungo. Pilipili manga hakuletewa.

Msimamizi wa vibarua, Phineas Thuku, ambaye Masha alikuwa akimtaja mara kwa mara, alikuwa akipita na toroli. Alikuwa mtu wa bara, wa Murang'a, mwembamba, mpole, amevaa koti hata kwenye joto lile.

"Bwana Thuku, pilipili manga yangu iko wapi?"

"Iko huko chini, mama. Lakini wacha mimi nikuletee."

"Nitachuma mwenyewe. Mnataka viungo vya papo hapo, si ndiyo? Nionyeshe njia."

"Masha alisema wewe usiende huko."

Hapo ndipo moyo wa Mbeyu uliposhtuka. Alikichukua kisu chake cha vitunguu na ile chupa ya tembo, akaanza kushuka bila kuonyeshwa njia na mtu, maana njia ile aliitambaa kabla ya kuitembea. Thuku akamfuata nyuma, akisema, "Mama, ngoja. Mama."

Hakukuwa na siafu hata mmoja.

Bondeni palikuwa na kivuli na unyevu, na mipilipili ilikuwa imestawi. Mpilipili manga ni mmea wa kutambaa. Haukui bila kushikwa mkono. Lazima upewe nguzo ya kupandia, ufungwe, uelekezwe. Kulikuwa na safu za nguzo za mkoko zilizokatwa juzi juzi, kila moja na mmea wake. Na mwanzoni kabisa mwa safu, mahali pazuri kuliko pote, kulikuwa na nguzo tatu zenye nyuso.

Ya kwanza ilikuwa babu Dena. Ya pili ilikuwa ndugu yake Dena. Ya tatu ilikuwa Dzombo. Vitambaa vyake vilikuwa vimeng'olewa. Mmea ulimzinga mwili mzima, mizizi yake midogo imeng'ang'ania kwenye nakshi, majani yamemfunika mdomo. Na shingoni, pale kichwa kinapokutana na mabega, alikuwa amekazwa kamba ya nailoni ya buluu, kamba ya wavuvi, imekazwa hata ikaula mti.

Mbeyu alisimama. Alitaka kulia, kilio hakikuja. Kilichokuja kilikuwa moto mtupu, kutoka nyayoni hadi utosini, na mtu wa karibu alikuwa Thuku.

"Nyinyi!" alimgeukia. "Nyinyi watu wa bara! Mmemaliza mashamba ya walio hai, sasa mmeanza wafu? Huyu ni babangu! Babangu mzazi, umemfunga shingo kama mbuzi wa mnada!"

Thuku alirudi nyuma, mikono juu. "Mama, pole. Pole sana. Mimi nilikuta hizi zimesimama hapa. Hakuna nyumba, hakuna mtu, majani imejaa. Kwetu mtu akihama, miti amewacha ni ya yule amekuja. Nikafikiri ni nguzo ya boma ya zamani. Nikaweka pilipili hapo chini."

"Na kamba? Kamba nayo uliikuta imesimama?"

"Kamba si mimi." Alimtazama usoni. "Mimi nikikuja kufunga nikaona iko na macho. Nikashindwa. Mimi siwezi kufunga kitu iko na macho inaniangalia. Nikamwambia Masha, hebu tukate mti ingine. Yeye akacheka. Akasema hiyo ni ubao tu, ni mambo ya ushenzi, watu wameokoka siku hizi. Akazifunga yeye mwenyewe, zote. Muulize."

Mbeyu alifungua mdomo amwite mwongo. Kisha akaitazama kamba.

Mgema hufunga kole la mnazi, shina la maua yake, kabla ya kulikata, ili lisipasuke na tembo lidondoke vizuri, na kila mgema ana fundo lake. La Dzombo lilizungushwa mara mbili, ncha ikapenyezwa chini ikatokea upande wa kushoto, kwa kuwa mkono wake ulikuwa wa kushoto. Watu walikuwa wakitazama juu ya mnazi tu wakasema, huu ni wa Dzombo. Fundo hilo alimfundisha mtu mmoja duniani, mwanawe, akimshika vidole kimoja kimoja barazani, na kijana ingawa ni wa mkono wa kulia alizoea kulifunga hivyo hivyo, kwa kushoto. Na fundo hilo ndilo lililokuwa shingoni mwa Dzombo.

Mbeyu aliliona, akalishika, akalijua. Aibu ilimwingia mbele ya Thuku, na nyuma ya aibu ile hasira, safari hii kubwa kuliko ya kwanza, kwa sababu ilikuwa imepata mwenyewe.

"Nisamehe, Bwana Thuku," alisema.

Sauti za wageni zikaanza kuteremka. Thuku alimvuta kando, nyuma ya mgomba, na Masha akatokea na kofia yake ya shada, akitembea kinyumenyume kama kuhani, mikono imepanuka. Kitaliano kilimtiririka. Mbeyu alikuwa amekaa miaka jikoni na wapishi wa Kitaliano, na ingawa mengi aliyojifunza yalikuwa matusi, alielewa ya kutosha.

Hawa, alisema Masha, ni miungu ya pilipili ya kabila letu. Mababu waliiabudu tangu zamani za kale. Pilipili ikizaa vizuri, miungu hupewa asali. Ikizaa vibaya, huchapwa viboko. Wageni wakacheka. Na huyu wa mwisho, akaendelea, akimpiga Dzombo kikofi shavuni, huyu ndiye mvivu wao, ndiyo maana amefungwa zaidi asitoroke.

Kicheko kikapanda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa amelitia bahari nzima. Mzee mmoja mwenye kaptura alisogea, akavua kofia yake ya ukindu, akamvika Dzombo kichwani, akamkumbatia kiunoni, na mkewe akainua kamera.

Mbeyu akatoka nyuma ya mgomba, kisu mkononi.

Masha alipomwona, alishusha mikono. Mzee wa kaptura alimwachia Dzombo upesi. Mbeyu hakumtazama mtu. Aliivua ile kofia akaitupa matopeni. Akapitisha kisu nyuma ya shingo, upande usio na fundo, akakata. Kamba ilikuwa imekaza hata ikalia. Akakata mmea chini, akaung'oa kwa mikono yake minene, unyayo wake kwenye shina, akiuvuta na mizizi yake na vishada vyake vibichi, mpaka uso wa babake ukatokea wote, na mdomo. Akafanya hivyo hivyo kwa ndugu yake Dena. Akafanya hivyo hivyo kwa Dena. Kisha akafungua chupa, akamimina tembo miguuni pa babake, polepole, na ardhi ikalinywa.

"Baba, ni mimi Mbeyu," alisema kwa Kigiriama. "Kunywa. Aliyekufunga amesimama hapa, umjuaye wewe."

Halafu mtu mmoja akapiga makofi. Wakapiga wote. Kamera zikalia kila upande, na mwanamke mmoja alikuwa akifuta machozi ya furaha.

Masha naye, Masha mwana wa Dzombo, akanyoosha mshipi wake wa dhahabu, akawaambia kwa Kitaliano: "Huyu ni kuhani wetu wa kike. Amekuja kuibariki pilipili."

Mbeyu alimshika kifuani, hariri ikapasuka. "Mwombe babako radhi. Hapa hapa. Kwa sauti hiyo hiyo."

"Dada," Masha alinong'ona, bado anatabasamu kwa ajili ya wengine, "wageni wanatazama."

Hilo ndilo alilokuwa nalo la kusema. Babake ametolewa kitanzi mbele yake, na yeye aliogopa wageni.

Mwenye shamba, Bwana Aldo, aliteremka aliposikia makofi, akaelezwa, akafurahi kupita kiasi. Mipilipili mitatu si kitu, alisema, ataipanda mingine. Je, mama angekubali kuja kila Alhamisi? Kwa kisu hicho hicho, na kilio kidogo? Masha alitafsiri, na Mbeyu aliona kwa macho yake uso wa ndugu yake ukipata matumaini. Alikuwa akiliwaza jambo lile! Alikuwa tayari kumfunga baba kila Jumatano ili afunguliwe kila Alhamisi!

Mbeyu hakuhitaji mkalimani. Alimjibu Bwana Aldo kwa Kitaliano cha jikoni, neno moja ambalo mpishi mkuu humwambia mchuuzi wa samaki waliooza. Kutoka juu penye mikorosho harufu ya pilau lililoungua ilikuwa imeanza kushuka. Akaliacha liungue. Aliivingirisha ile kamba, fundo likiwa zima, akaitia kifuani mwake, akaenda gatini. Kazi ya hoteli alijua imekwisha kabla boti haijang'oa nanga.

Masha alimkimbilia, kofia imemwanguka njiani. Boti iliwavusha wote wawili, na ng'ambo akamfuata mpaka barabarani.

"Nisikilize, dada! Nisingemfunga wangemng'oa. Hujui? Wezi wa vigango wanazunguka mpaka Adu, wanang'oa, wanauza. Bwana mwenyewe alitaka kumpeleka baa, amsimamishe karibu na friji. Mimi ndiye niliyesema, acha, vishike pilipili. Nguzo ya pilipili haiibi mtu. Nimemwokoa!"

Mbeyu alisimama. Huenda palikuwa na ukweli hapo, na ukweli ule ulimuudhi zaidi, kwa sababu ulikuwa mdogo na umetumiwa kufunika makubwa.

"Na vile vitambaa vyake ulivyovivua, vilimwokoa na nani? Na viboko? Na tembo ulilomwambia mama kuwa wampa? Ardhi ile ina kiu, Masha. Nilivyomimina, ilinywa kama ina homa."

Masha aliangua kilio, kilio cha kweli, katikati ya barabara, katika kanzu iliyopasuka. "Usimwambie mama. Nakuomba. Mwambie ni Thuku. Yeye ni mtu wa bara, atalaumiwa na kisha atakwenda zake. Mama akijua ni mimi atakufa."

Katika basi la Kilifi walikaa viti mbalimbali. Njia nzima Mbeyu alikuwa akipigana na nafsi yake. Kumsingizia Thuku, mtu aliyeona haya kumfunga mfu macho yakimtazama! Lakini kila alipofumba macho aliyaona mabega ya mamake, na zile Jumapili, na mkono wa mamake kichwani pa Masha. Hasira yake ilikuwa kwa Masha. Deni la uchungu lingelipwa na mama.

Walifika Tezo jua halijatua. Masha hakuthubutu kuingia. Alibaki nje, ameegemea mwimo wa mlango. Ndani, Kadzo alikuwa ameketi kitandani, na kando yake palikuwa na bakuli tupu la uji.

"Nimekula," alisema kabla ya salamu. "Mchana nilisinzia kidogo, nikamwona. Amekunywa, mwanangu. Limeshuka lote, halikumwagika hata tone."

Mbeyu akakaa chini. Akaitoa ile kamba kifuani, akaiweka mapajani mwa mamake. "Ulisema kweli, mama. Mimi ndiye niliyekuwa mpumbavu. Alikuwa amefungwa. Nimemfungua."

"Nani alimfunga?"

Nje, mwimo wa mlango ulilia kwa uzito wa mtu.

"Mtu wa bara," Mbeyu alisema, na ulimi ulimwasha kama aliyetafuna pilipili. "Msimamizi wa vibarua. Hakujua, mama. Alifikiri ni nguzo tu."

Kadzo alitikisa kichwa polepole, kama anayemsamehe mtu asiyemjua. Macho yake hayakuona kitu, lakini vidole vyake viliifuata kamba, inchi kwa inchi, mpaka vikafika kwenye fundo. Vikasimama. Vikalizunguka mara moja, vikalizunguka mara ya pili, vikapenya chini, vikaitafuta ncha. Vikaipata upande wa kushoto.

Kadzo akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha ndani yake.

"Tangu lini," aliuliza, "watu wa bara wanagema?"

Mbeyu aliinamisha uso. Sasa alijua kwa nini babake, kila alipoulizwa, aligeuza wake.

Kadzo aliifumbata kamba mkononi, akanyanyua kichwa kuelekea mlangoni, na sauti ikamtoka kavu na nzito, sauti ambayo watoto wake hawakuisikia tangu alipoacha kula.

"Masha, ingia ndani. Babako naye alikuwa akisimama hapo hapo, haingii. Lakini yeye alikuwa amefungwa. Wewe, nani kakufunga?"